KUH: PISTONI ILIYOVUNJIKA BAADA YA KAZI MLIYOIFANYA KWENYE SUBARU IMPREZA YANGU

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Nililileta kwenu gari langu, Impreza WRX STI ya mwaka 1998, likiwa zima. Leo limeegeshwa na silinda moja imekufa. Barua pepe yenu ya juzi inasema gari ni kuukuu na huenda nililiendesha vibaya. Nakataa maelezo hayo, na ushahidi wangu ni kumbukumbu ya vipimo mliyonikabidhi ninyi wenyewe.

Kazi tuliyokubaliana haikuwa kubwa: ekzosi pana kuanzia kwenye tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hadi nyuma, kompyuta mpya ya injini, kisha kuipanga kwenye mashine ya kupimia nguvu. Presha ya tabo isizidi bar 1.1. Namba hiyo imo kwenye fomu ya kazi, na niliirudia mara mbili mbele ya fundi wenu kwa sababu pistoni na nozeli za kupulizia petroli zilikuwa zinabaki zile zile za kiwandani.

Siku ya nne, nikipanda mlima kwa gia ya tatu, nilisikia mlio wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Niliondoa mguu papo hapo, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Kipimo cha kompresheni kilisoma karibu bar 10 kwenye silinda tatu, na bar 4 kwenye ya nne. Injini ilipofunguliwa, ukingo wa pistoni ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka.

Sasa someni kumbukumbu yenu. Kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika presha ni bar 1.1, kama tulivyokubaliana. Kwenye 5,500 ni 1.3. Kwenye 6,500 imefika 1.5. Vipimo hivyo vilichukuliwa gari likiwa juu ya mashine yenu, fundi wenu akiwa ndiye anayekanyaga mafuta. Moshi ukipata njia pana ya kutokea, tabo huzunguka kwa kasi zaidi, na wesigeti, yaani vali ya tabo, ndiyo inayotakiwa kuupitisha pembeni moshi wa ziada. Tundu la wesigeti likiwa dogo, hata ikifunguka yote haitoshi, na presha inapanda yenyewe. Mlipaswa kulipanua tundu hilo mlipofunga ekzosi, au angalau kuiwekea kompyuta kikomo cha kukata mafuta. Hamkufanya hata kimoja. Nozeli za kiwandani zikaelemewa: uwiano wa hewa kwa petroli ukatoka 11.2 hadi 13.1 injini ikiwa imebeba mzigo wote, yaani petroli ikawa kidogo mno kwa hewa iliyoingia. Injini ya tabo katika hali hiyo lazima igonge, yaani petroli ilipuke ovyo ndani ya silinda; ndio ule mlio wa kokoto niliousikia.

Mtu aliyeyaona hayo kwenye skrini na bado akanikabidhi ufunguo, alikosea kazi.

Fundi wenu aliniambia kwamba Wajapani walizibana injini hizi makusudi. Ni kweli kuwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze gari lenye zaidi ya nguvu za farasi 280. Lakini makubaliano yale yalihusu namba inayotangazwa. Hayampi mtu ruhusa ya kuongeza presha bila kuongeza petroli.

Jambo la pili limeniuma kuliko pistoni. Nilimwomba mpokeaji wenu aweke vipuri vyote vilivyofunguliwa kwenye buti. Mnasema bomba la kwanza la ekzosi, lile la asili, lilitupwa kwenye vyuma chakavu. Impreza za umbo hili ziliacha kutengenezwa mwaka 2000. Nilitafuta kwa miaka miwili hadi nikapata moja ambayo haijaguswa, na kila kitu nilichowahi kukifungua nimekihifadhi, hadi boliti, ili siku yoyote liweze kurudi lilivyotoka kiwandani. Pistoni nyingine nitanunua. Bomba lile mlitupa bila kuniuliza, na halikuwa lenu.

Ninataka injini ijengwe upya kwa gharama yenu, na fundi nitakayemchagua mimi, kwa sababu sitaileta tena kwenu. Nataka mnitafutie bomba la asili la toleo lile lile, lisilo na nyufa wala viraka vya kuchomelea. Nataka pia faili kamili ya mpangilio mliouweka kwenye kompyuta, bila kufungwa kwa nywila, ili fundi huyo aone mlichokiandika.

Pistoni iliyomeguka ninayo, pamoja na fomu ya kazi na nakala ya kumbukumbu. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitavipeleka vyote kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji.

Mteja wenu,
Mmiliki wa Impreza