Maski ya fuvu kwa mtoto wa miaka minne ni ya nini?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, nitajitahidi nisirefushe ingawa jambo lenyewe linanikera.

Kuna shule moja ya nasari hapa Kigoma mjini, siitaji jina wenyewe wakisoma watajijua, imetuma meseji kwenye grupu la wazazi kwamba tarehe 31 Oktoba watoto wote waje wamevaa Halloween, yaani maski ya kutisha, kifuko cha kuwekea pipi, na mchango wa elfu ishirini kwa kila mtoto kwa ajili ya mapambo. Bebi klasi nao wamo. Basi grupu likawaka moto, hawa wanasema huo ni ushetani mnatuletea mizimu darasani mtoto wangu haji, wale wanajibu acheni ushamba nyie watoto wa Dar na Arusha wanafanya kila mwaka na hakuna aliyekufa. Simu inalia usiku kucha mpaka nikaiweka sailenti. Mpaka mabishano yanaisha hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo siku inahusu nini kwa mtoto mdogo na huko ilikotoka inafanywaje, na hicho ndicho kilichonileta kwako.

Mimi ni Muislamu wa Ujiji, nimeolewa Katubuka, na hili la ushetani sitaki kulipigia kelele. Hiyo siku ni mkesha wa Watakatifu Wote, majirani zangu Wakatoliki kesho yake Novemba 1 wanakwenda kanisani na tarehe 2 wanaombea marehemu wao makaburini, na sijasikia mtu wa Kigoma akiwaita wachawi kwa hilo. Zile mambo za kuwasha taa na kuvaa vya kutisha ni mila za zamani za watu wa Ireland na Scotland za kuaga mavuno na kupokea baridi, zamani walikuwa wanachonga hata tanipu wanaweka mshumaa ndani, walipohamia Marekani wakakuta maboga makubwa rahisi kuchonga wakahamia kwenye maboga. Ni sikukuu ya watu wanaoingia kwenye baridi na giza. Sisi Oktoba tunatoka kwenye vumbi na joto tunasubiri mvua, lakini sawa, hata Krismasi watu huku wanabandika pamba kwenye mti wajifanye theluji, mbona tunaishi.

Sasa nina rafiki yangu, tulifahamiana Kasulu enzi zile wao wako kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wakapata bahati ya kupelekwa Marekani na sasa wako Des Moines, Iowa. Ana mtoto umri mmoja na wangu. Nikamuuliza kwa voisi, shoga hii Halloween nyie huko mnafanyaje na kitoto kama hiki? Akanicheka, akaniambia hiyo ya maski ni ya vijana wakubwa na wenye baa, mtoto mdogo anavalishwa nyuki, au kuku, au boga lenyewe, wa kwake mwaka jana alikuwa simba mwenye mkia wa soksi. Tena hawasubiri usiku, wanatoka jua likiwa linazama, mama kamshika mkono, nyumba chache za mtaani wanazozifahamu zilizowasha taa ya barazani, mtoto akianza kupiga miayo wanarudi kulala.

Halafu akanipa moja ambayo nimeipenda sana. Pale mjini kwao mtoto hapewi pipi bure, lazima kwanza aseme kichekesho au afumbe fumbo mlangoni. Huo utaratibu upo tangu 1938, zamani siku hiyo vijana walikuwa wakorofi wanavunja vitu vya watu, mji ukaamua kupanga usiku maalumu, kwa miaka mingi ilikuwa Oktoba 30, watoto wapite kistaarabu na kila mmoja awe na lake la kuchekesha. Basi huyu mwana wa Nyarugusu anafika mlangoni kwa Mzungu anasema kwa Kiingereza nyumba yangu haina mlango, Mzungu anakuna kichwa, mtoto anamwambia yai! Anajaziwa kifuko.

Lakini anasema hicho chote kwao ni saa moja tu ya mwisho. Kinachosubiriwa na watoto mwezi mzima ni kutoka. Jumamosi na Jumapili za Oktoba familia zinakwenda mashambani, wenye mashamba wanafungua mageti, watoto wanapanda tela la trekta lililojaa nyasi kavu, wanachuma matofaa wenyewe kwenye mti, wanachagua boga shambani, mtoto analing'ang'ania kubwa kuliko yeye halafu baba ndio analibeba. Majani ya miti yamegeuka mekundu na ya njano, wanayaokota wanakwenda kuyabandika kwenye karatasi. (Kitu kimoja tu kilinishinda, hilo boga wakishalichonga macho wengi wanalitupa. Boga zima! Na huku Oktoba boga ni la kulitafuta, msimu wake mpaka mvua zipige, sijui shule inataka tuyachonge ya wapi.)

Kwa hiyo walimu wetu wamechukua ile saa moja ya mwisho, tena ya watu wazima, wakaacha mwezi mzima wa mtoto na mzazi wake.

Na kuhusu maski naomba niseme kitu maana kabla sijaingia kwenye biashara ya vitenge nilisomea ualimu wa awali. Mwaka 1969 mtafiti mmoja wa Marekani, Rheta DeVries, alifanya jambo rahisi kabisa, alichukua paka mpole anaitwa Maynard akamvalisha maski ya mbwa, watoto wanaona mkia wa paka mwanzo mwisho. Wale wa miaka mitatu wengi waliamini kabisa paka kageuka mbwa, wengine wakaogopa atawang'ata, wakati wa miaka sita walishajua ni yule yule paka amevaa tu. Sasa we fikiria bebi klasi, mwalimu anayempenda anaingia asubuhi na uso wa fuvu. Kwake huyo sio mwalimu aliyevaa maski, mwalimu ameondoka na hilo limekuja. Halafu usiku anakojoa kitandani tunasema mtoto ana deko.

Tena tuko Kigoma jamani, sio Masaki ya Dar. Mkoa huu serikali haijamaliza kuhangaika na kamchape, watu wanaoingia kijijini wanadai wanatoa uchawi majumbani na wanaacha majirani wamegombana na nyumba zimeharibiwa. Kule Ujiji kwetu bibi yangu ukimbishia hodi saa mbili usiku bila kutaja jina na ukoo hafungui. Sasa mtoto atoke shule na maski ya fuvu usoni apite uchochoroni anagonga milango anaomba pipi, atakayefungua akiwa na panga mtamlaumu? Najua mtasema sherehe ni ndani ya geti la shule, sawa, lakini mtoto akishafundishwa atataka kuendeleza mtaani, ndio watoto walivyo.

Basi tuje kwenye Oktoba yetu, maana inaniuma tunavyoipita tu. Oktoba 14 ni sikukuu ya Nyerere, ofisi zimefungwa, shule zimefungwa, na ukipita mtaa wa Mwanga hapa mjini unakuta akina baba wako kwenye bao na watoto wako kwenye katuni. Mvua za kwanza zikianguka maembe yameanza kuiva, Ujiji yote inanukia embe, na jua letu huku magharibi linachelewa, linazama saa moja kasoro, wenzetu wa Dar wameshawasha taa zamani. Jioni kama hiyo kwa nini tusimpe mtoto?

Mimi wangu nilimpeleka Ujiji pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, walipokutana 1871. Kwa bajaji kutoka mjini ni karibu. Ndani kuna sanamu zao ukubwa wa mtu, wamesimama wanasalimiana kofia mkononi, mtoto kufika mlangoni akanikamata dera akakataa kuingia, ananinong'oneza mama mbona hawapepesi macho. Tulisimama pale pale mlangoni mpaka akazoea, akaingia mwenyewe, akawaamkia shikamoo. Hawakujibu akaniambia wana kiburi. Nje kuna miembe, tukanunua embe za mama mmoja tukala chini ya mti mpaka mikono imenata kotekote. Nyumbani alirudia habari ya wale wazee wenye kiburi kwa kila mgeni aliyeingia. Hicho kitisho cha kiasi chake, kilichoishia kwenye kicheko na mama yake yuko pembeni, ndicho anachokimudu.

Na kumbikumbi je? Mvua ya kwanza ikinyesha jioni unazima taa za ndani unaacha moja ya barazani, chini unaweka beseni la maji, wanaanza mmoja mmoja halafu wanakuja kwa fujo, watoto wa nyumba tatu wanapiga kelele wanakimbizana, wangu kumbikumbi mmoja alimwingia kwenye mkono wa gauni akaruka karibu afike darini. Asubuhi unapepeta mbawa kwenye ungo, unakaanga bila mafuta, chumvi kidogo tu. Bure kabisa hiyo, na usiku wake una giza na vitu vinavyoruka vya kutosha.

Siku ya treni mpelekeni stesheni akaone kichwa kinavyogeuza, jengo lile la Wajerumani na reli iliyofika hapa 1914. Mwonyesheni Liemba mumpe hadithi yake, meli iliyotengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha vitani 1916 na Waingereza wakaiibua 1924 ikarudi kazini. Meli iliyolala chini ya ziwa miaka minane kisha ikaamka, mnataka hadithi ya mizimu gani zaidi ya hiyo? Kibirizi asubuhi kuna dagaa wameanikwa, na usiku wa giza la mwezi taa za wavuvi ziwani zinaonekana hata ukiwa mlimani, mtoto wangu anabisha mpaka leo kwamba kule kuna mji. Hifadhi ya Gombe siiweki humo, boti na viingilio na kupanda milima sio mambo ya mtoto wa miaka minne, asubiri akue.

Tahadhari moja tu, ufukweni mtoto haachiwi hata dakika. Ziwa hili la Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina, na sehemu nyingi ukishatoka tu ukingoni linashuka ghafla, sio la kumwachia dada wa miaka kumi eti amwangalie mdogo wake huku nyie mnapiga picha. Na manispaa nao watusaidie, fukwe nzuri za kukaa na mtoto nyingi ukifika unakuta geti na kiingilio, zile za wazi hazina choo wala kivuli. Hatuombi bembea za umeme. Choo, miti na mtu wa kupiga filimbi mtoto akienda mbali, basi.

Akina baba nao nisiwasahau, maana nikisema kutoka na mtoto watu wanasikia kazi ya mama. Rafiki yangu anasema kwao kule mume wake ambaye Nyarugusu alikuwa habebi mtoto hata hadharani, sasa ndiye anayekaa naye kwenye tela la nyasi na boga mapajani. Huku mume wangu nilimwambia twende Ujiji akasema ana kikao. Kikao Jumapili! Tulimkuta kwenye kahawa na wenzake.

Sasa kwa hiyo shule, naomba mfikirie upya. Kama lazima watoto wavae basi wavae vitu wanavyovipenda, samaki, simba, rubani, wa bebi klasi wasione fuvu wala damu ya bandia, na mzazi asiyetaka mwanawe asisimangwe kwenye grupu wala asidaiwe. Mkitaka kuiga Wamarekani igeni wale wa Des Moines, kila mtoto aje na kitendawili chake kutoka kwa bibi au babu, akitega wenzake wakashindwa anapewa embe badala ya pipi. Na hiyo hela ya mapambo ichukueni mkodi basi moja muwapeleke Ujiji asubuhi, na mzazi mmoja wa kila mtoto awemo ndani ya basi, ikiwezekana baba.

Elfu ishirini yangu ipo nimeitenga. Wakisema safari naitoa siku hiyo hiyo na kachori za basi zima nakaanga mimi. Ya maski sitoi.

Mama wa bebi klasi,
Katubuka, Kigoma