Kabla ya kumkata mtoto kimeo

Mhariri,

Mtoto wa mdogo wangu alikatwa kimeo akiwa na miezi minane. Tangu azaliwe alinyonya vizuri, ila alipumua kwa mlio mchana na usiku. Alipoanzishiwa ndizi na viazi vya kupondwa, akawa anapaliwa karibu kila kijiko. Uji mwepesi ulipita, kizito kilirudi. Majirani hapa Uyole wakasema ni kimeo, tukampeleka kwa mkataji. Damu ilimtoka hadi tukaogopa, na wiki iliyofuata alikuwa anapaliwa vilevile.

Zahanati nayo ilimtibu nimonia mara nne. Siwalaumu sana, mtoto akikohoa kwenye baridi yetu ya Juni, nani asingefikiria kifua? Kinachoniuma ni kadi ya kliniki: uzito ulisimama miezi mitatu, na hakuna aliyeuliza anakulaje.

Aliyeuliza ni daktari mmoja: anapaliwa na maziwa au na chakula kizito? Akaagiza mtoto anyweshwe ile dawa nyeupe ya bariamu huku akipigwa eksirei. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ulionekana umebanwa. Kipimo cha CT kikaonyesha kwamba aota, mshipa mkubwa utokao kwenye moyo, ilikuwa imegawanyika mara mbili na kuzunguka umio pamoja na njia ya hewa kama pete. Alizaliwa nayo. Wapo pia watu ambao mshipa uendao mkono wa kulia hupita nyuma ya umio; wengi wao huzeeka bila kujua, wachache hupata shida ya kumeza.

Pete ya namna hii hukatwa upande mmoja ili umio na njia ya hewa vipate nafasi. Daktari wa upasuaji Robert Gross alifanya upasuaji huo Boston, Marekani, mwaka 1945, kwa hiyo si jambo la jana. Sisi tulisafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam. Sasa anakula ugali, ingawa akipata mafua ule mlio hurudi kidogo.

Wauguzi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, siku ya kupima uzito muulizeni mama swali lile la daktari. Nanyi wazazi, kimeo kiko kinywani. Pete ile ilikuwa ndani ya kifua, na wembe wa mkataji haukuwa na njia ya kuifikia.

Shangazi wa mtoto,
Uyole, Mbeya