Ile meseji ya usiku, na siku sita za Kennedy

Swahiba,

Vipi hali? Nyumbani wote wazima? Huku tupo, afya njema, madeni ndo hayaponi. Najua umenuna na una haki ya kununa, mwezi wa tatu huu sijakupigia, na mara ya mwisho kusemezana ndo ule usiku kwenye grupu nilipokuandikia maneno ambayo shemeji yako alivyoyasoma asubuhi akaniuliza, "hivi ulikuwa umelewa?" Afadhali ningekuwa nimelewa, ningepata pa kujifichia. Wewe ulisema tu kiongozi wa kweli kwenye mgogoro na nchi nyingine anaamua papo hapo, hana vikao vikao, ukamtoa Kennedy, rais wa Marekani, kama mfano, eti kwenye ule mgogoro wa makombora ya Cuba wa 1962 alikaza na Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, akafyata mkia. Mimi nikakujibu ndani ya dakika mbili. Dakika mbili! Halafu ndo mimi natetea subira.

Basi tangu siku ile hiyo Cuba haijanitoka. Nimekuwa nasoma yale mazungumzo ya vikao vyao, maana jamaa alikuwa anarekodi kwa siri na wengi waliokuwa mle ndani hawakujua. Jumanne tarehe 16 Oktoba 1962 anaonyeshwa picha za ndege ya upelelezi, makombora ya Mrusi yapo Cuba. Kennedy wa siku hiyo ungempenda wewe, alikuwa anataka kupiga. Na wengi pale mezani wanaongea kupiga, ubishi ni tupige makombora tu au tupige kila kitu halafu tuvamie kisiwa kabisa. Sasa niambie, kama angeamua papo hapo angeamua nini?

Kilichomwokoa ni siku sita. Mpaka Jumatatu tarehe 22 alipotokea kwenye televisheni wananchi walikuwa hawajui kitu, magazeti yalipoanza kunusa aliyaomba yanyamaze kwanza. Na siku hizo hawakuzilalia. Waligawana makundi, hawa wanaandika hoja ya kupiga, wale wanaandika hoja ya kuzuia meli zisilete silaha, kisha wanabadilishana makaratasi wachambuane bila huruma. Yeye mwenyewe vikao vingine haingii, si unajua bosi akiwepo watu wanaitikia tu (kama sisi kwa yule mzee, usicheke). Hilo lilishamuumiza. Aprili 1961, Ghuba ya Nguruwe kulekule Cuba, wakubwa wote waliitikia kwa kichwa wakapeleka wakimbizi wa Kikuba kama 1,400 wakampindue Castro, mtawala wa Cuba, hazikupita siku tatu mambo yamekwisha na zaidi ya 1,100 wametekwa.

Mwishowe akachagua kuzuia meli, na hata jina wakalichagua kwa makini, wakaita karantini, maana ukisema blokedi, yaani mzingiro wa bandari, kisheria ni tendo la vita. Na kumbe kisiwani tayari kulikuwa na silaha ndogo za nyuklia za kuwapokelea wavamizi ufukweni! Wamarekani hawakulijua hilo mpaka miaka kama 30 baadaye, na wanajeshi wa Kisovieti walikuwa zaidi ya 40,000, Wamarekani wao walikuwa wanakadiria kama robo ya hao. Hebu fikiria wangevamia.

Halafu hilo la kufyata mkia bwana, hapo ndo umeniudhi kweli. Jumamosi tarehe 27 usiku Robert, mdogo wake Kennedy, alikutana na Dobrynin, balozi wa Wasovieti kule Marekani, akamwambia, "makombora yetu ya Uturuki nayo yataondoka, ila msitangaze." Aprili 1963 yalikuwa yameshaondolewa, na hiyo siri ikafichwa miaka kibao. Kwa hiyo dunia ikaona mmoja tu karudi nyuma, kumbe walipeana. Khrushchev akabeba aibu peke yake, Oktoba 1964 wenzake wakamng'oa, ingawa hiyo haikuwa sababu pekee. Na kulikuwa na mtu mmoja mle ndani, Llewellyn Thompson, aliyekuwa balozi Moscow na anamjua Khrushchev. Kennedy alipokata tamaa kwamba kwa mazungumzo yale makombora hayatoki, Thompson alimpinga palepale, akasema huyu bwana anachohitaji ni kuweza kuwaambia watu wake nimeiokoa Cuba isivamiwe. Yaani mtu anayemjua adui kama binadamu. Wangapi wanaye mtu wa hivo mezani?

Ila nikuambie ukweli, kuna mahali hoja yangu inayumba. Jumamosi hiyohiyo ndege ya upelelezi ya Wamarekani, U-2, ilitunguliwa Cuba, rubani Rudolf Anderson akafa, na amri haikutoka Moscow, ni makamanda wa kulekule. U-2 nyingine ikapotea njia ikaingia anga la Kisovieti. Na chini ya bahari nyambizi ya Kisovieti B-59 imebanwa na manowari za Kimarekani, joto ndani, mawasiliano na Moscow hakuna, kapteni wake inasimuliwa alitaka kutumia torpedo ya nyuklia, yaani kombora la chini ya maji, na afisa mwenzake humo ndani, Vasili Arkhipov, ndo akamtuliza. Sasa wakubwa wafikiri siku sita, wafikiri sitini, ufunguo uko kwa jamaa mwenye jasho chini ya maji. Sijui nikujibu nini hapo. Nimezunguka nayo wiki nzima...

Narudi kwenye siku sita zangu. Leo nani atazipata? Picha za setilaiti zinauzwa, kila mtu ana simu, saa moja tu watu wanamwita rais mwoga kwa kuwa hajasema kitu. Serbia mwaka 1914, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kulipuka, walipewa na Austria-Hungaria saa 48 za kujibu, na leo hizo 48 zenyewe zinaonekana nyingi.

Basi nisamehe ile meseji. Neno "kichwa maji" nalifuta, hoja siifuti. Bado unasema alikaza tu? Ungekuwa mle ndani siku ya kwanza ungepiga kura gani, na ungethubutu kumpinga kama Thompson? Mbona ulitoka kwenye grupu, ni mimi au ni zile picha za mjomba? Bi Mkubwa goti linaendeleaje? Ile hela ya michango ulimpa nani, maana mhasibu wetu anasema hajaiona na mimi nimeshamwambia ulitoa?

Wako yuleyule