Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: dawa isifanye kazi ya banda

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Ninakuandikia kuhusu kuku wa kisasa, yule anayekaangwa kwenye vibanda vya chipsi kila kona ya Dar es Salaam na anayetajwa sana kwenye hotuba za ajira kwa vijana. Sipingi ufugaji wake. Nimekuwa afisa mifugo mpaka nimestaafu, na najua kuku huyu amesomesha watoto wengi na kujenga nyumba nyingi. Kinachonisumbua ni namna tunavyomfikisha sokoni akiwa hai.

Kifaranga wa nyama huingia bandani akiwa wa siku moja, hutoka baada ya wiki tano au sita akiwa na kilo moja na nusu hadi mbili. Ni mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi ili ikue haraka, na mwili wake hulipa gharama hiyo: miguu huzidiwa na uzito, moyo hushindwa, tumbo hujaa maji. Akipata nafasi, hewa na maranda makavu, wengi wao hufika salama. Wakibanana, maranda yakalowa na harufu ya kinyesi ikawasha macho hata ya mpita njia, mafua huanza, kuhara damu kunafuata. Mfugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo, hununua antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, kama OTC (oksitetrasaiklini) au enrofloksasini, bila cheti cha daktari, humimina kwenye ndoo ya maji, na banda zima linakunywa, wagonjwa kwa wazima. Wapo wasiosubiri hata mmoja augue. Wanaanza na dawa tangu siku ya kwanza na kuiita kinga.

Hapo, Mheshimiwa, antibiotiki zinafanya kazi ambayo ingefanywa na nafasi, hewa na usafi. Tumezoea kuona mateso ya mnyama kuwa mada ya watu walioshiba, na usugu wa dawa, yaani bakteria kuacha kufa kwa dawa, kuwa mada ya madaktari. Ukisimama mlangoni mwa banda lililojaa kupita kiasi utaona ni jambo moja: kuku asingevumilia maisha yale bila dawa, na dawa ile ndiyo inayozalisha vimelea vitakavyotushinda sisi.

Enrofloksasini ni ndugu wa siprofloksasini tunayoandikiwa hospitalini kwa homa ya matumbo na maambukizi ya njia ya mkojo. Kimelea kinachojifunza kuishinda moja hujifunza kuishinda nyingine. Marekani iliiondoa kwenye ufugaji wa kuku mwaka 2005 kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2015 wanasayansi wa China walitangaza kuwa wamekuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa chembe ya urithi inayovipa bakteria usugu dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba pale nyingine zote zinaposhindwa. Serikali ya China iliizuia dawa hiyo kukuzia mifugo mwaka 2017, na India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2019. Na hesabu iliyochapishwa kwenye jarida la Lancet inaonyesha kuwa mwaka huo wa 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, huku Afrika kusini mwa Sahara ikiumia kuliko kwingine.

Najua nitajibiwa kwamba nyama ikiiva vijidudu hufa. Ni kweli, hufa sufuriani. Havifi kwenye ubao uliokatiwa kuku na kisha kachumbari, wala mikononi mwa mchinjaji, na mbolea ya banda humwagwa mbichi kwenye bustani za mchicha. Tena moto wa jikoni haumalizi mabaki yote ya dawa. Lebo huandika siku za kusubiri kabla ya kuchinja, lakini kuku akianza kuzubaa mfugaji mwenye mkopo humuuza haraka kabla hajafa. Mayai ndiyo kabisa hayasubiri: kuku yuko kwenye dozi, na trei zinapanda bodaboda asubuhi ile ile.

Sasa zinakuja keji, yaani vizimba vya waya, za kuku wa mayai, na zinatangazwa kama maendeleo. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku zile tupu, zisizo na kiota wala pa kutua, tangu Januari 2012, na kila kuku alikuwa akipewa sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi ya A4. Hawezi kunyoosha bawa, hana pa kutagia kwa faragha, hana vumbi la kuogea. Kwa nini tununue kilichotupwa na wengine? Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, na bado kuku wananing'inizwa vichwa chini kwenye pikipiki mbele ya askari wa barabarani. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya waliteketezwa kwa moto Namanga kwa hoja ya kukinga nchi na magonjwa. Picha zile ziliumiza wengi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ukali ule uliishia mpakani.

Mtasema masharti yatapandisha bei, na maskini atakosa kitoweo. Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Lakini wizara yako ni ya uvuvi pia, kwa hiyo itazame Norwei: mwaka 1987 wafugaji wao wa samaki aina ya samoni walitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Zikaja chanjo, na leo wanatumia chini ya tani moja huku uzalishaji ukiwa umeongezeka mara nyingi. Kwetu, mama mwenye kuku 300 hununua dawa kwa sababu duka liko karibu na daktari wa mifugo yuko mbali. Mkimwadhibu yeye peke yake mtakuwa mmekosea mlango.

Ulaya imekataza tangu Januari 2022 kutumia antibiotiki kufidia usafi mbovu na ufugaji mbaya. Kifungu hicho kingetosha kwetu pia, kikiandikwa kwenye kanuni zako na kusimamiwa pamoja na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Duka la dawa za mifugo lidai cheti, na kata ziwe na wataalamu wa kukitoa kwa bei ambayo mfugaji mdogo anaimudu. Idadi ya kuku kwa mita ya mraba iwekwe kisheria, na mkopo unaodhaminiwa na serikali usijenge banda linaloivunja. Keji tupu zizuiwe sasa, kabla watu hawajazikopea. Nyama na mayai ya masoko makubwa yapimwe mabaki ya dawa, na majibu yatangazwe hata yakiwa ya aibu.

Hotuba ya bajeti ya wizara yako nitaisikiliza redioni kama kila mwaka. Nitakuwa nasubiri fungu la upimaji huo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Afisa mifugo mstaafu, Dar es Salaam