Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: viungio vya treni vijaribiwe kabla ya malipo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kabla mkataba wa kununua treni za reli nyepesi, yaani zile zinazopita mitaani mjini, haujatiwa saini. Ombi langu ni moja: viungio vinavyoshikanisha sehemu za treni hizo vijaribiwe kwenye reli zile zile zitakazotumika, treni ikiwa imebeba uzito kamili, na matokeo yatangazwe hadharani kabla ya malipo ya mwisho.

Faida ya treni hizi siipingi hata kidogo. Behewa refu la kipande kimoja haliwezi kukata kona za mitaani, lakini likigawanywa katika sehemu kadhaa zenye viungio hupinda kufuata reli, abiria hupita kutoka mwanzo hadi mwisho wake, na dereva mmoja huhudumia umati mkubwa. Huko Budapest, treni za aina ya Combino Supra, zilizoanza kazi mwaka 2006, zina urefu wa takriban mita 54.

Hata hivyo, kiungio ndipo nguvu za msokoto zinapokutana. Mwezi Machi 2004 kampuni ya Siemens, inayounda treni za Combino, iliwashauri wateja wake wasimamishe treni za Combino za toleo la awali zilizokwisha kutembea zaidi ya kilomita 120,000, kwa kuwa mabodi yake ya aluminiamu yalipata nyufa. Nguvu zinazozuka treni inapopinda upande mmoja na kugeukia mwingine papo hapo zilizidi makadirio ya wahandisi. Mwishoni mwa mwaka 2021 nyufa zilionekana katika treni zote 12 za njia ya Inner West mjini Sydney, na treni hizo zikaondolewa kazini ili zikarabatiwe. Abiria wa njia hiyo walirudishwa kwenye mabasi kwa miezi kadhaa, jambo ambalo mnunuzi yeyote angepaswa kulitafakari kwa uzito.

Reli nayo haiwezi kutengwa na treni. Boston ilianza kutumia mwaka 1999 treni ambazo sehemu yake ya katikati ina sakafu ya chini, inayowafaa sana wazee na watu wenye viti vya magurudumu, lakini magurudumu ya sehemu hiyo hayakuunganishwa kwa ekseli ya kawaida, yaani mhimili unaoshika gurudumu la kushoto na la kulia pamoja. Treni hizo ziliacha njia mara kadhaa, ikabidi matengenezo ya reli yaende sambamba na marekebisho ya treni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, wahandisi wako wapime kwanza kona na miinuko yote, na vipimo hivyo viwe sehemu ya zabuni. Dhamana ya bodi na viungio iwe ndefu kuliko ile ya viti na rangi. Karakana nayo iweze kuinua treni nzima kwa pamoja, kwani sehemu zake hazitenganishwi kwa urahisi, na hitilafu ya sehemu moja huilaza treni yote.

Naomba jibu lako litolewe hadharani kabla ya siku ya kutia saini.

Wako mwaminifu,
Abiria