Herufi za kuunga zifunzwe kwa silabi, si kwa A hadi Z

Mhariri,

Katika shule nyingi mwandiko wa kuunga hufunzwa hivi: leo herufi a, kesho b, kesho kutwa c, na kila moja hujaziwa ukurasa mzima. Ikifika z, mtoto anajua kuchora herufi zote, lakini mwambie aandike "wavuvi" uone. Ataandika v peke yake, u peke yake, kisha arudi nyuma kuzifunga kwa vijistari. Hapo hajaunga kitu. Kile kipande kilicho baina ya herufi na herufi hakikufunzwa siku yoyote.

Ufini iliacha kuulazimisha mwandiko huu mwaka 2016, na California ikaurudisha kwa sheria iliyotiwa sahihi 2023. Mabishano hayo tunawaachia wenyewe. Maadamu hapa Lamu tumeamua kuufunza, tuufunze kwa njia inayofaa Kiswahili.

Kwanza, asiyesoma herufi za kuunga asifunzwe kuziandika. Vitabu vya watoto vimepigwa chapa, kwa hivyo mtoto hukutana na herufi za kuunga ubaoni tu. Chekechea yatosha kuzitambua: kata kadi, andika neno moja mara mbili, kadi moja kwa chapa na nyingine kwa kuunga, kisha mtoto azioanishe. Tia mkazo kwenye b, f, k, r, s na z, maana hizo ndizo zinazogeuka sura. R na s huwatatiza wengi. Vidole navyo vifanye kazi kwenye sinia la mchanga mkavu. Mchanga uwe mwembamba hata rangi ya sinia ionekane kidole kikipita. Ukiwa mzito unajifukia wenyewe na alama haikai. Konzi mbili zatosha. Tusiende kubeba magunia kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ndivyo vinavyotuhifadhia maji ya kunywa.

Penseli ije baadaye, mtoto akishaandika chapa inayosomeka, yapata miaka saba. Hapo ndipo herufi zipangwe kwa mwendo wa mkono, alfabeti ikae kando. Tunaanza na i, u na t, kwa sababu zote hupanda kutoka mstarini na kushuka kwa mwendo mmoja. Herufi hizo tatu tayari zinatoa neno "tui", na mtoto anaandika kitu anachokijua jikoni kwao. Nukta ya i na kijiti cha t hungoja neno liishe. Zikifuata l na e, ambazo ni kitanzi kimoja kirefu na kimoja kifupi, tunapata "ile" na "tule". Kitanzi cha e kikibanwa huwa i isiyo na nukta, basi kiachwe wazi hata kama kinaonekana kikubwa.

Kisha a, d, g na o. Hizi zinataka subira. Duara lianzie ilipo namba 2 kwenye uso wa saa (kwetu hiyo ni saa nane, na mtoto atakusahihisha), lizunguke kinyume cha akrabu, lifike lilipoanzia, ndipo mkono ushuke. Duara lisipofungwa, a husomeka u, na "dada" husomeka "cluclu". Maneno yapo tele: "dau", "taa", "gogo". Zikiongezwa n na m tunapata "nanga" na "mnada".

Karatasi za nukta nukta, ambazo wazazi huzinunua kwa nia njema, ndizo zinazoharibu hatua hii. Mtoto huzifuata nukta kutoka popote, pengine anaanza a kwa chini, na umbo linatoka zuri. Mwalimu anapiga vema. Miezi michache baadaye anatakiwa kuandika haraka, na kwa kuwa mwendo haukuwa sahihi, herufi zinavunjika. Mtizame mkono unapotembea, usingoje karatasi ijae. Na ubaoni, simama ubavuni ili watoto waone chaki inaanzia wapi.

Sasa silabi. Kila mwalimu wa Kiswahili anafunza ba, be, bi, bo, bu. Jedwali hilohilo ndilo somo la kuunga. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hivyo mkono unajua pa kupumzikia. Andika ta, te, ti, to, tu kwa mkupuo mmoja kila silabi, bila kuinua penseli. Kijiti cha t kitafuata. Kalamu hutoka kwenye t ikiwa chini, mstarini, na irabu hupokea hapo. Safu hiyo ni rahisi.

Safu ya w siyo. Herufi o, v na w, na katika mitindo mingi b pia, hutokea juu. Katika "wavuvi" kalamu hutokea juu mara tatu: w kwenda a, v kwenda u, v kwenda i. Mtoto aliyezoea t huuvuta mstari hadi chini, na hapo o hugeuka a, kwa hivyo "moto" husomeka "mata". V nayo hugeuka u. Tiba yake ni kuandika wa, we, wi, kisha va, ve, vi, vo, vu, mwalimu akisema "daraja juu" kila mkono unapovuka. Silabi ngumu kuliko zote ni "we" na "ve", kwa sababu e haina pa kuanzia kitanzi chake ikiwa mkono uko juu. Daraja lilegee kidogo, lizame kama nusu ya kimo cha herufi, ndipo kitanzi kipande. Kiswahili kimejaa wa-, vi-, bw- na mw-. Kitabu cha mazoezi kilichotungiwa Kiingereza hakiwezi kuwapa watoto mazoezi ya kutosha hapa.

Mtihani mzuri wa mwisho ni "mumunye". Vilima vya m, u na n hufuatana hata mwandishi mwenyewe hupoteza hesabu. Mtoto atamke mu-mu-nye, atue kidogo kila silabi inapoisha, penseli ikiwa bado karatasini.

Watoto wengi wa hapa wanayo akiba ambayo shule haiitumii. Chuoni, yaani madrasa, wameshaona herufi ya Kiarabu ikibadilika umbo mwanzo, kati na mwisho wa neno, na wanajua kwamba alifu, dali, dhali, re, ze na wau hazishiki herufi inayofuata. Mwalimu akiwakumbusha hayo, dhana ya kuunga haihitaji maelezo. Tofauti ni kwamba kule mkono huenda kulia kwenda kushoto, na wengine huanza duara kinyume. Hao waongezewe siku za a na d, wasichapwe.

Muda ni dakika 15 kila siku. Saa nzima ya Ijumaa huchosha vidole tu. Daftari liwe la mistari minne. Likikosekana, piga mistari kwa rula, nafasi ya kati milimita 8.

Na wa mkono wa kushoto. Adabu ya kula ibaki palepale, lakini penseli tusiwanyang'anye. Wa kulia huinamisha daftari hadi pembe ya chini ya kushoto ielekee kitovu chake. Wa kushoto hufanya kinyume, pembe ya kulia ndiyo ielekee kitovu. Huyu ashike penseli juu kidogo, sentimita 3 au 4 kutoka nchani, mkono ukae chini ya mstari usije ukafuta alichoandika. Watoto wakibanana watatu dawatini, yeye akae mwisho wa upande wa kushoto, viwiko visigongane.

Walimu wa madarasa ya chini,
Lamu