Michoro ya maua ya kanga isitupwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kuna mama mmoja wa Uingereza, Anna Maria Garthwaite, alizaliwa 1688 akafariki 1763, kazi yake ilikuwa kuchora maua ya vitambaa vya hariri pale Spitalfields, London, na michoro yake ya rangi za maji zaidi ya 800 mpaka leo ipo makumbusho ya Victoria and Albert. Hizo siyo nguo jamani, ni yale makaratasi ya mwanzo kabisa kabla mfumaji hajagusa uzi! Unakuta ua limepakwa rangi jani kwa jani, na mengi kaandika tarehe na jina la mfumaji aliyeuziwa, ndo maana leo watu wanajua nani alichora na lini. Sasa kanga zetu je? Jina la kanga tunalishika wote ila aliyechora yale maua ya mji na pindo hatajwi kabisa, inaniuma kweli. Wenye viwanda tafadhalini msichome hizo karatasi, andikeni jina la mchoraji na mwaka kwa nyuma, halafu zipelekeni Makumbusho ya Taifa Dar au Fort Jesus kule Mombasa.

Msomaji wenu, Tanga